Sala ya Rebeka Kutoka Jikoni

Baba Rebeka,

Mimi mkeo nakusalimu kwa mapendo. Kifua chako je, na baridi hii? Lile koti zito unalivaa? Usinijibu unalivaa kumbe limetundikwa. Huku Ilomba sisi wazima. Mjukuu wako ananyonya vizuri na kitovu kimekauka.

Sasa nikueleze ya Jumapili. Huku, ibada ya kanisani ikiisha, alasiri majirani wanakusanyika nyumba ya mmoja wao, hata mchungaji hayupo. Kila mtu anatoa chake, huyu wimbo, yule sala, harukwi mtu. Safari hii ilikuwa nyumbani kwa mkwe wetu Ambokile, na Rebeka alipewa sala ya shukrani kwa mtoto huyu. Aliingoja sana. Unajua mwenyewe yule mtoto wake wa kwanza tulimzika.

Watu wameshakaa, mara akaingia baba yake Ambokile, katoka Tukuyu bila kutuma habari. Rebeka akanyanyuka na mtoto wake, huyo, jikoni. Nikamfuata nikamgombeza.

“Wewe, rudi! Watasema hushukuru.”

“Siwezi, mama. Kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, wala hawakai chumba kimoja.”

Nikarudi peke yangu. Zamu ikazunguka mpaka ikafika kwake. Naye yuko jikoni. Mama aliyekuwa akituongoza akasema, “Basi, mama yake amwombee.”

Nikasimama, nikasema kwa Kiswahili changu hikihiki, “Shukrani ni yake, mimi sitamchukulia. Fungueni mlango wa nyuma, aombe hukohuko.”

Jirani mmoja akacheka, “Hee, mama wa Iringa! Mungu yuko jikoni?”

“Yuko, na moshi anauvumilia.”

Wakacheka, halafu wote wakamtazama mzee. Nikajua nimeharibu, nimemtia mwanangu aibu ukweni. Mzee akainuka polepole, akageuza kiti chake, akaupa mgongo ule mlango. Akaketi. “Na aombe,” akasema.

Rebeka akaomba, tukamsikia vizuri. Akamtaja na yule wa kwanza. Hapo sauti ikamkatika kidogo, akaendelea. Alipomaliza, yule mzee ndiye aliyetangulia kusema amina, kwa nguvu hata mtoto akashtuka akalia.

Nisalimie mama mkwe wangu, asilale bila moto. Nisalimie na dada yako Agata anayekupikia, apunguze chumvi. Mimi nitarudi mzazi akipata nguvu.

Na wewe ukisoma mpaka hapa, sema amina hukohuko nyumbani Mlandege. Usiseme kimoyomoyo.

Ni mimi mkeo,
Mama Rebeka