Dishi Liko Kwenye Kochi

Wanangu,

Msifungue bomba la maji ya moto mpaka saa saba. Nimebadilisha mpira wa koki kule juu na tangi bado linajaa.

Ndiyo, nimepanda paani, nyinyi mkikoroma. Jana fundi wenu alisimama uani, mikono mfukoni, akasema mtambo wetu wa jua wa kupasha maji umezeeka, utupwe. Mkaitikia kama kasuku. Kisha mkanificha ngazi, eti na mimi nimezeeka. Ngazi nzima mnaificha nyuma ya mlango wa choo!

Nimefuta vioo, vumbi kama la barabarani. Ndipo nikaona kivuli. Dishi lenu la televisheni mmelifunga mbele ya vioo! Si ndio mwezi huohuo tulipoanza kuoga maji baridi? Nimeling'oa. ~~Jioni nitalifunga upande wa pili.~~ Mtalifunga wenyewe, mkithubutu kupanda.

Chai iko kwenye chupa. Mfunike sukari.

Ngazi msiitafute, nimeondoka nayo. Fundi huyohuyo kamwambia na jirani mtambo wake umezeeka.

Mama yenu, huyohuyo mzee