Mifuko Miwili ya M

Nakwa, Babati
Jumatano asubuhi

Kaka mpendwa Clemence,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba mvua haijaharibu maharage. Mimi mwili ni mzima ila roho haijatulia. Nimempa jirani yenu Eliakunda barua hii mkononi kwa kuwa simu yako haipatikani tangu itumbukie kwenye shimo la samadi, na ya nyumbani anaishika Mama, naye huiweka sauti kubwa.

Kazi yetu hapa chuoni unaijua. Tunatafuta mkaa wa kuchuja gesi ya samadi, wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, ili ile hewa yenye harufu ya yai viza inase humo na gesi ya kupikia ipite safi. Hewa hiyo ni sumu. Tumejaribu vitu tisa, pumba za mpunga, vifuu vya nazi alivyoleta mwenzetu Faudhia kutoka kwao Tanga, hata mawe mepesi ya volkano. Kila kimoja tunakijaza kwenye bomba, tunapitisha gesi, kisha tunakaa kusubiri waya wa shaba uliopo mwishoni ugeuke mweusi, dalili kwamba sumu imepenya. Heri kulima.

Mwezi uliopita mkaa wa mfuko M ulivishinda vyote. Siku mbili nzima waya uling'aa. Nikaja nyumbani na majigambo yangu, nikafunga kichujio cha mkaa wa magunzi kwenye bomba la gesi ya samadi jikoni kwa Mama, mkanichinjia jogoo.

Sasa nisikilize, kaka. Mifuko ya M ilikuwa miwili. Mmoja wa magunzi, mwingine wa mabua ya mbaazi kutoka Bonga, na mwandiko ni wangu. Jana Aminiel, mkuu wetu, aliniuliza hii M ni ya nini. Nikamletea mifuko yote miwili, tukarudia kupima. Ulioshinda ni wa mbaazi. Wa magunzi haukufika hata saa sita mchana. Nilimfungia Mama ule ulioshindwa.

Jioni nilimpigia, nikamwomba apikie kuni kwanza. Alicheka, akasema moshi aliovuta miaka arobaini unamtosha, na kichujio changu hakina kasoro. "Mwanangu," akasema, "siku hizi sisikii harufu yoyote kabisa." Hapo ndipo nilipoogopa. Sumu hii ikizidi huua pua kwanza. Mtu hudhani imekwisha, kumbe anaivuta.

Nakuomba ufunge koki ya mtambo wa gesi leo hii, kabla hujaimaliza chai, na ufungue madirisha yote. Mama akikasirika mwache akasirike. Kosa ni langu, na Jumamosi nitakuja na mkaa wa mbaazi nimweleze mwenyewe.

Wasalimie wote wa hapo, na Mama umpe shikamoo yangu. Kisha mwambie afumbe macho, umwekee puani kitunguu saumu kilichopondwa, umuulize ni nini. Jibu lake unitumie kabla ya salamu zozote.

Mdogo wako,
Fabiola