Josefina Hakuwakataa Wanawe

Crescent Town, Toronto
9 Novemba 2024

Mpendwa Dada Leokadia,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua imefika Marangu? Huku sote tu wazima. Prudence bado anahudumia wazee kule Pickering, Iteka anasoma chuo, nami nasoma habari za Kiswahili redioni kila Jumamosi. Baridi imeanza, lakini hiyo si habari.

Habari ni kwamba nimekasirika, na nataka uipate kwangu kabla kaka yake Prudence, shemeji Eustache, hajakupigia simu.

Iteka anafuga wanyama wawili, dume na jike, wanaoitwa shuga-glaida. Jina la Kiswahili silijui. Mmoja anaenea kiganjani, ana ngozi kati ya mkono na mguu, akiruka anatanda kama mwavuli. Jike ana mfuko tumboni kama kangaruu. Iteka alimpa jina la Josefina.

Juma lililopita watoto wa Josefina walitoka mfukoni, wawili, macho bado yamefumba. Iteka, ambaye ukimsemesha Kiswahili hukujibu kwa Kiingereza, siku hiyo akaamua kuandika Kiswahili kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya yetu ya kanisani: "Josefina amejifungua mapacha. Karibuni nyumbani." Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mnyama huzaa, anayejifungua ni mtu.

Dada, Jumapili baada ya misa watu walikuja kumwona mzazi! Walidhani Josefina ni mgeni wa Prudence aliyefika juzi kutoka Bujumbura. Wapo walioleta nepi na sabuni. Eustache alibeba sufuria ya mtori wa ndizi na nyama, tena mtori niliomfundisha kupika mimi mwenyewe. Bi Shenaz, jirani yetu wa Mombasa, alisikia na yeye akaja na chetezo na udi.

Iteka akawaonyesha tundu. Walicheka mpaka wakakaa chini. Wangeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika.

"Shemeji, mzazi ni mzazi," Eustache akaniambia, "hata akiwa na mkia." Akatia mkono tunduni, akawatoa watoto, wakapitishwa mkono kwa mkono kama kapu la sadaka, kila mtu akitaka picha. Nilimwambia awarudishe. "Ah, wewe ni mwandishi au polisi?" Bi Shenaz naye akasema mzazi asipofukizwa ataingiwa na baridi. Moshi wa udi ukapanda, king'ora cha moshi kikalia, majirani wakatoka kwenye korido. Josefina alikuwa amejibana kwenye pembe ya tundu, anatetemeka.

Asubuhi Iteka aliwakuta watoto chini kwenye sakafu ya tundu, baridi kama kokoto, wakipumua kwa shida. Alipowarudisha, mama yao aliwanusa, akarudi nyuma, akamng'ata kidole.

Kilichonichoma ni hiki. Eustache aliandika kwenye grupu: "Josefina amewakataa watoto wake. Mama gani huyu?" Watu wakamwitikia kwa vikatuni vya kulia, wale wale waliowashika. Nimeandika habari maisha yangu yote, Dada. Najua anayetaka kujificha humtafuta mtu mwingine wa kumtaja mwanzo wa sentensi. Josefina hakuwakataa. Watoto walitolewa kwake, wakarudishwa wakinuka udi na sabuni za watu. Nimeliandika hilo kwenye grupu, na jina la Eustache nikaliweka. Amenuna. Anune.

Meza yetu ya chakula sasa ina kazi nyingine. Kuna pedi ya joto chini ya taulo, soksi ya sufu ambayo ndiyo mfuko wao, kipimajoto, bomba la sindano lililotolewa sindano, pamba, na maziwa ya unga aliyotuelekeza daktari wa wanyama. Ya ng'ombe yangewaharibu tumbo. Joto kwanza; aliyepoa hanyweshwi, utamuua. Tone huwekwa mdomoni alilambe mwenyewe, maana ukilisukuma linaingia mapafuni. Akishakunywa hupanguswa kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu ili akojoe, kazi ambayo mama yake angeifanya kwa ulimi. Daktari hakutuahidi kwamba watapona, nami sikumwahidi Iteka.

Jana Eustache alikuja kuchukua sufuria yake. Iteka alikuwa mezani na yule mdogo zaidi, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajalamba kitu.

"Nipe nimshike kidogo," Eustache akasema.

"Hapana, Mjomba." Kwa Kiswahili, bila kuinua kichwa. "Kaa pale."

Eustache akanitazama. Nikatazama dirisha. Akakaa karibu na mlango, koti mwilini, sufuria mapajani.

Mtoto akatoa ulimi, akalamba tone la kwanza, kisha la pili na la tatu. La nne akaligeuzia kisogo.

"Amekataa?" Eustache akauliza, sauti imeshuka.

"Hajakataa, Mjomba," Iteka akamwambia. "Ameshiba."

Eustache akatoa simu, akaufuta ule ujumbe wake mbele yetu. Hasira yangu haijaisha, lakini hilo nalo lilitokea, kwa hiyo naliandika.

Wasalimie Shemeji Anselmi, Mama Mdogo Filomena na wote wa nyumbani. Wakikuuliza habari za Josefina, waeleze kama nilivyokueleza. Mungu akupe goti jepesi na usingizi mzuri.

Mdogo wako akupendaye,
Dismas