Akina Lemdiki wa Kilosa

Mdogo wangu Tabu,

Mpe Baba shikamoo yangu. Hawa tembo wa Mikumi kwenye picha sikuwaona, maana niliwapita nimelala ndani ya basi. Niko Masanze, kwenye kijiji kipya cha ujamaa, kwa Bibi Mwanaidi. Baba yake alikuwa mpishi wa Mzungu wa shamba la mkonge. Tunakula ugali na mlenda, na leo ni siku ya tatu mvua haijakatika.

Padri mzee Mjerumani wa misheni ameniambia jina letu, Lemdiki, kwao maana yake ni bwawa la udongo wa mfinyanzi. Hata huko ni adimu. Yeye alilikuta kijiji kimoja tu. Basi nikamuuliza Bibi ukoo wetu hapa Kilosa uko wapi.

"Ukoo hakuna, mjukuu wangu," akasema. "Lemdiki ndiye yule Mzungu. Karani wake aliwaandika wafanyakazi wote kwa jina hilo. Alipoondoka, kila mtu akarudia jina la baba yake. Babu yenu aliletwa shambani akiwa mtoto mdogo, peke yake. La baba yake hakulijua."

Kwa hiyo nchi hii nzima tuko sisi tu, watu saba. Na Baba, najua, anawasubiri ndugu wa Kilosa waje wamzike.

Mpikie uji mwepesi, umfunike miguu. Kadi hii msomee mpaka kwenye mvua, halafu mwambie imeishia hapo.

Kaka yako akupendaye,
Eliya