Kidari cha Krismasi Ile

Mpendwa Baba Neema,

Jana ilikuwa Krismasi, na leo kichwa changu hakifanyi kazi. Nimeacha vyombo kwenye karai, nimekaa hapa barazani naliangalia kaburi lako pale mgombani, na nina swali. Usingekuwa na haraka ya kufa ningekuuliza ana kwa ana, nawe ungejifanya husikii, kama kawaida yako.

Unaikumbuka Krismasi yangu ya kwanza hapa Machame? Redio ilikuwa inatuhimiza kilimo cha kufa na kupona kutwa nzima, na mimi nilikuwa bibi arusi wa miezi mitano, mtoto wa kambi za mashamba ya miwa kule chini, nisiyejua hata kumenya ndizi mbichi bila kujipaka utomvu gauni zima. Mama yako alinicheka mpaka akakaa chini. Wewe ulikuwa umewaleta wenzako wa bendi kutoka Moshi mjini: Kassimu wa gitaa, mtu wa Tanga, na Jivan wa kodiani, yule ambaye baba yake aliuza vitambaa. Walipanda kwa miguu kwenye tope lile. Gitaa la Kassimu lilikuwa limefungwa waya wa breki ya baiskeli mahali pa uzi uliokatika, ukamcheka, akakujibu, "Wewe shukuru tarumbeta lako halina nyuzi."

Kassimu ndiye aliyechinja mbuzi, ili naye apate kula. Jivan hakugusa nyama, mama yako akamjazia bakuli la maziwa ya mgando, akalimaliza, akaongezwa. Kisha mkapiga. Ulianza na wimbo wa kanisani, taratibu, macho umefumba kama mzee wa kanisa, halafu Kassimu akauchukua akaugeuza dansi, na mama yako, mama yule yule wa ushirika wa akina mama, akainuka na kata ya pombe ya mbege mkononi akacheza. Siku ile nilikupenda, nakwambia wazi. Nilikuwa nimeolewa nawe tayari, lakini kukupenda hasa kulianza hapo.

Sasa sikiliza. Kile kidari kilichochomwa, kilichowekwa peke yake juu ya jani la mgomba jikoni, nilikipeleka mimi. Nilimwona Kassimu amechinja, amechuna, amepiga gitaa mpaka vidole vimevimba, na amepewa ubavu mmoja mkavu. Kwetu kambini mgeni ndiye anayekula kinono. Nikakibeba, nikamwambia, "Shemeji, karibu." Akala mpaka mfupa ukang'aa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba katika ukoo wenu kidari ni cha kaka mkubwa, na kwamba kaka yako Zakayo alikuwa njiani anatoka kazini huko Mkuu, na kidari kilikuwa kinamsubiri yeye.

Zakayo akaingia, akasalimia, akakaa, akaletewa mguu. Akautazama. "Kidari kiko wapi?" Mfupa uko pale mbele ya Kassimu, hata kipofu angeuona. "Nani amempa mgeni kidari?"

Nilikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Nawe bila hata kuweka tarumbeta chini ukasema, "Nimempa mimi."

Aisee, Baba Neema! Zakayo aliinuka akavuka ua akaenda kwake. Kassimu kwa aibu akatia gitaa kwenye gunia, wakashuka yeye na Jivan, na bendi haikupanda tena mlimani. Wewe na ndugu yako, mnaotenganishwa na ua wa isale wenye urefu wa kiunoni, mkakaa miaka kumi mkipitana kama watu wa vijiji viwili, hadi kifo chako. Isale, jani lile lile ambalo kwenu ukimpelekea mtu kuomba msamaha hawezi kukukataa! Ua mzima umejaa, na hakuna aliyechuma hata moja.

Na mimi nilinyamaza. Nilitaka kukwambia kesho yake, nikaogopa. Kisha Neema akazaliwa, kisha zikaja foleni za sukari, mwaka mmoja ukazaa mwingine. Nilijua ulinisitiri. Mara nyingine nikaona la, huenda hukuniona kabisa, ulikuwa na lako moyoni na Zakayo, ukapata pa kulitolea. Kila Krismasi ulisimama barazani ukapiga wimbo mmoja umeelekea kwake. Nilikuuliza mbona unapiga kuelekea huko. Ukasema, "Upepo." Upepo gani, wewe mwanaume?

Wiki iliyopita nilichuma jani. Nilivuka ua, nikampigia Zakayo magoti, nikasema, "Shikamoo, shemeji. Kidari kile nilikipeleka mimi. Marehemu hakuwa na kosa."

Alilipokea jani. Akasema, "Nilikuona."

"Uliniona wapi?"

"Nilikuwa upande wangu wa ua, nakwangua tope viatuni kabla ya kuvuka. Nikakuona unapita nacho. Nilimwuliza ndugu yangu makusudi, aseme ni bibi arusi, hajui. Ningecheka, yakaisha. Akasema ni yeye. Mbele ya watu wote, akasema ni yeye."

Sikuelewa, na hadi sasa sielewi. Yeye anajua ni mimi. Mimi najua ni mimi. Na wewe, je? Kama ulijua, basi wote watatu tulijua. Mlikuwa mnagombea nini miaka kumi? Nina hasira na wewe, nina hasira naye, mimi mwenyewe ndio usiseme, na bado nakukumbuka mpaka kifua kinauma.

Jana Kassimu alikuja. Alichelewa kusikia msiba wako, akapanda peke yake, ana mvi kichwa kizima. Alichinja. Zakayo alivuka ua, akakaa kwenye kiti chako, akaletewa kidari. Akakitazama. Kisha akainuka nacho, akakiweka mbele ya Kassimu kwa mikono yake miwili.

Mke wake akatoka jikoni, akashtuka. "Ai! Kidari mbona kimekwenda kwa mgeni? Nani amempa?"

Zakayo akasema, "Nimempa mimi." Akakaa akalia, mzee mzima, mbele ya wajukuu, na Kassimu akakaa na nyama mkononi hajui aitie mdomoni au airudishe.

Nami nilikuwa pale pale mlangoni na sufuria, Baba Neema, nikageuka kukutazama kama siku ile, na wewe uko mgombani.

Lala, mume wangu. Vyombo vinanisubiri.

Mkeo,
Mama Neema