Ndoo ya Mama Kabula

Mama, shikamoo ikufikie kabla gundi ya stempu haijakauka.

Huku Mwanza tunakagua kipimo kipya cha korona, kile cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi. Katikati ya sampuli tunaficha maji matupu. Kipimo cha kweli lazima kiyaite hasi, la sivyo kitawafungia ndani watu wasioumwa. Jana nilikuwa Mabatini kwa mama lishe, Mama Kabula, sato ndiyo kwanza katoka kwenye mafuta, mwenzangu akanipigia kutoka maabara: yale maji matupu yametoka chanya. Nikaropoka, "Maji yana korona?!" Weee! Mama Kabula akaimwaga ndoo yake nzima ya maji ya kunywa mtaroni, wateja wakatimka na sahani zao!

Kumbe vichupa vya maji yale tulivichafua kwa kirusi sisi wenyewe. Leo tumerudia na vipya, maji yakatoka hasi. Nikakimbia kumpa Mama Kabula habari njema. Akachota glasi mpaka juu, akanisogezea. "Anza wewe, mwanangu. Sisi tunakuangalia."

Nimekunywa yote, meza nzima ikinitolea macho. Nimekukumbuka, mama, na ile chai yako tamu.

Mwanao Rehema, mzima, ila bado wananiangalia.