Kasuku Aliyebaki na Kikohozi Chako

Baba,

Naogopa, na hofu hii sina wa kumwambia ila wewe. Kikohozi chako hakijatoka nyumbani. Tulikuzika Machakos, tukarudi Kaloleni, na asubuhi ya kwanza, nikiwa nafunga viatu niende kiwandani, nikakusikia jikoni: mara mbili kwa haraka, halafu kile kirefu cha kukwaruza. Nikakimbilia jikoni. Kumbe ni Karani, kasuku wako, ameinamisha kichwa kando ya jiko, anakohoa kama wewe.

Wageni wa matanga walikuwa wamejaa, kwa hiyo ndege wako wote uliowafuga walirundikwa jikoni. Wote, Baba! Nilikumbuka ulivyokuwa ukisema, "Ukiweka mdogo pamoja na mwenye mdomo mkubwa, kesho utazika mmoja." Wageni walipoondoka tu nikaanza kuwatafutia pa kukaa, mimi huyu ambaye ulikuwa ukinicheka kwa kukimbia nikisikia mbawa.

Njiwa niliwarudisha kwenye masanduku yao nje, milango ikatazama upande usio na upepo, maana baridi ya mwaka huu ni kali. Nguzo za masanduku nimezizungushia mabati ili panya wateleze. Wale chiriku wako wa manjano wako ndani ya kizimba cha mwanzi, vijiti vimebanana hata paka wa jirani hapitishi ukucha. Aliyenishinda ni Karani. Kile kizimba ulichomchongea, chenye maua pembeni, amekitafuna mlango mzima, yule mshenzi. Niliokota maua yako sakafuni vipande vipande nikilia. Nikaenda sokoni Gikomba kumtafutia cha waya.

Lakini Mama alikataa Karani atolewe jikoni. Nilimkumbusha maneno yako, kwamba moshi wa makaa humuua ndege kabla paka hajamwona. Akasema, "Wachana naye. Akae hapa na mimi." Nilidhani ni mapenzi, kwamba anataka kukusikia akipika. Na kila nilipoita, "Mama, ni wewe unakohoa?" alinijibu, "Wacha woga. Si ni huyu ndege ya baba yako!" Miezi ikapita, hata majirani wakazoea, wakawa wananitania kutoka upande wa pili wa ukuta, "Mzee ameamka?" Nilicheka nao.

Jumapili iliyopita, Mama akiwa kanisani, nilimhamisha Karani. Nilijifunga leso usoni, nikavaa soksi zako nene mikononi, nikamshika huku nimefumba macho. Aliniuma kidole gumba mpaka soksi ikalowa damu. Sasa yuko sebuleni ndani ya kizimba cha waya, karibu na dirisha, mbali na moshi, jua la asubuhi linamfikia na upepo haumfikii. Ungepapenda. Mama aliporudi aliangalia pale patupu kando ya jiko, akakaa kwenye kibao bila kuvua kitambaa cha kichwa. Hakunigombeza hata neno moja. Unamjua Mama, nilianza kuogopa hapo hapo.

Jana asubuhi nilikuwa nampa Karani njugu. Alikuwa anapasua ganda, mdomo umejaa, kimya. Na kikohozi kikatoka jikoni. Mara mbili kwa haraka, halafu kile kirefu.

Baba, njugu zilinidondoka. Karani aliacha kula, akageuza shingo, akasikiliza. Kisha akakohoa vile vile, kama anayemjibu.

Nilimkuta Mama ameshika ukuta, leso mdomoni. Amekonda, na mimi ninayekula naye kila siku sikuona. Akaniambia, "Ni moshi tu." Nawe ulisema, "Ni vumbi tu ya mbao." Ulisema hivyo hadi tulipokufikisha hospitali umebebwa, na daktari akauliza tulikuwa wapi siku zote hizo. Mama alisikia swali lile kama mimi. Halafu akarudi nyumbani akajificha nyuma ya ndege. Miezi yote hii nimekuwa nikimsikia Karani na kufikiri ni wewe anayekuiga. Sasa sijui alikuwa akimwiga nani.

Kesho kukipambazuka naenda naye zahanati. Amesema haendi, eti nani atawalisha njiwa. Akikaa chini na kugoma, nitambeba mgongoni mpaka mlangoni mwa daktari, Kaloleni nzima ituangalie. Ndege wako wako salama, kila mmoja mahali pake. Usiwe na wasiwasi nao.

Pumzika, Baba. Siwezi kukuahidi mengine, ila hili: nitapigana kwa kila nguvu niliyo nayo nisije nikaketi tena kwenye meza hii, niandike barua kama hii inayoanza na neno "Mama".

Binti yako,
Mwende